Toleo la Pili

Diski ilifika Arua ndani ya soksi ya mtoto,
katika robota la mitumba, mtaa wa Oli.
Ajiga, aliyekuwa akisaka suruali za kuuza,
aliitemea mate, akaifuta, akaiinulia jua,
akasema: Hili ni la pili. La kwanza tunalo.

Alijuaje? Maandishi yote ya Kijapani,
nyayo za kuku juu ya majivu.
Lakini mbili ni mbili popote inapoandikwa.

La kwanza tulilijua kama njia ya chooni usiku.
Matone yenye macho yanadondoka mawili mawili,
mekundu, ya kijani, ya manjano, ya buluu;
manne ya rangi moja yakishikana yanapasuka,
ya juu yanashuka, yanakuta wenzao, yanapasuka nao,
na kila mpasuko ni mawe ya kijivu kwa jirani yako.
Ukinyeshewa, unanyamaza.
Yakishapangwa juu ya kichwa chako
hakuna rufaa.

Mimi nilikuwa muuza kabalagala.
Niliingia kibandani kumdai Afayo elfu moja na mia mbili.
Akasema keti, tucheze, ukinishinda nalipa mara mbili.
Nikamshinda. Hakulipa.
Nikaketi miezi mitatu.

Na ni mimi niliyegundua.
Mawe thelathini yananing'inia juu yangu,
nami kwa hofu, si kwa akili,
nikapasua kamnyororo kangu, viungo vitatu tu,
kabla hayajaanguka.
Yakapungua.
Afayo akasema mashine imeharibika.
Ajiga akaizaba televisheni kofi, tukarudia:
yakapungua tena.

Basi huko mbali, kati ya toleo la kwanza na la pili,
mtu fulani alikaa na kikombe chake cha chai
akawaza habari za wanaonyeshewa.
Sikumjua jina. Nilimwombea usingizi mzuri.

Mimi naitwa Candiru.
Kilugbara kinajua maana yake: taabu.
Shangazi alinitwika siku ya nne,
kwa mambo ya ukoo yaliyotangulia kuzaliwa kwangu,
na mtoto wa siku nne
ana mnyororo gani wa kujibia?

Jumamosi ile kibanda kilijaa hadi mlangoni,
watoto wamekalia kreti za soda,
mwanamke mmoja ananyonyesha, macho kwenye kioo.
Afayo alijenga polepole, ulimi nje,
kama fundi anayeogopa ukuta wake mwenyewe.
Kisha akaachia.
Kila kiungo kina ukelele wake, sauti ya msichana wa Kijapani,
nasi tulikwisha kuutafsiri zamani:
cha kwanza, Haya!
cha pili, Ngoja!
cha tatu, Umesikia?
cha nne, Kamwite baba'ko!
cha tano hakitamkiki mbele ya mama anayenyonyesha.
Vikafika sita.
Juu yangu pakawa kijivu kitupu.

Nilikuwa na tone moja la manjano mkononi,
na pengo moja, upande wa kushoto, chini kabisa,
nililolilinda tangu mwanzo kama jino bovu.
Nikaliacha lishuke.
Haya! Ngoja! Umesikia?
Mawe yanayeyuka.
Kamwite baba'ko!
Cha tano. Cha sita.
Tuko sare, mbingu nyeupe,
na kiungo cha saba kimeanza kutikisika,

umeme ukakatika.

Hakuna aliyenyanyuka.
Gizani mtoto mmoja akaendelea kwa mdomo,
akapiga ukelele wa saba ambao hatukuwahi kuusikia,
akautunga palepale,
na kibanda kizima kikaitikia.
Afayo akaapa kwamba kilikuwa sita.
Ajiga akawasha kiberiti kutazama kioo,
kana kwamba kioo kinakumbuka.

Asubuhi umeme ulirudi, na mchezo ulianza upya,
sifuri kwa sifuri, msichana anatabasamu.

Mawe yale hayakumwangukia mtu.
Nayahesabu bado, yananing'inia mahali fulani
kati yangu na Afayo, ambaye sasa ana duka la vipuri Koboko,
ana kitambi, ana simu mbili,
na elfu moja na mia mbili zangu.