Zaituni, Lita Nne

Taherali wa Digo Road hakuniuliza nataka rangi gani.
Aliniuliza, "Sebule yapata jua?"
Nikamwambia: la asubuhi halifiki,
tumezibwa na ghorofa la jirani;
la alasiri huingia kama mdai,
dakika ishirini, halafu huyo.
Akanifunulia kadi. Kidole kikapita
samli, pembe, ganda la yai,
kikasimama palipokuwa na giza.
"Zaituni hii," akasema. "Ina moyo."

Mimi zaituni naijua ya chupa,
ile ya kudondoshea sikio linalouma,
na ile iliyoapiwa katika sura fupi
niliyoihifadhi chuoni kabla sijang'oka jino.
Mti wenyewe sijauona hata leo.
Lakini rangi ile nilishaiona mahali:
jani la tambuu siku ya tatu,
kwenye sahani ya mama, limelegea,
likienda kwenye weusi bila kufika.

Nikalibeba kopo hadi Bondeni, likinigonga goti.

Shangazi Rukiya, mlangoni, hajavua hata viatu:
"Nyumba ni chokaa, mwanangu. Weupe ndio heshima.
Ukuta huu umeuandikisha jeshini?"
Ndugu yangu Shekue, kutoka Doha, kwa ujumbe wa sauti:
"Siku ya kuuza, nani atanunua giza?"
Sikumjibu.
Nani kasema nauza?

Fundi Mwachiro akakwangua.
Ukuta wa kwetu hula chumvi usiku, mchana ukaitapika:
unga, malengelenge, magamba.
Chini ya nyeupe palikuwa na buluu,
chini ya buluu, waridi ya harusi ya dada,
chini ya waridi chokaa ile ile ya shangazi,
na chokaa ikatumwagikia machoni.
Akapiga msasa. Akapaka mkono wa kwanza.

Ikashika kila mahali isipokuwa pale
juu ya kiti cha mbao, kimo cha mtu aliyekaa:
duara, mfano wa sinia dogo la kahawa.
Hapo rangi iliteleza.
Miaka thelathini na mmoja baba aliegemeza kichwa hapo
kila baada ya isha, redio pajani,
na mafuta ya nazi ya nywele zake
ukuta ukayanywa, tone kwa tone.

Mwachiro akasugua kwa sabuni. Akasugua kwa tapentaini.
Mkono wa pili. Wa tatu.
"Dada," akasema, "mafuta haya yana kiburi.
Nizibe kwa saruji nyeupe?"

Stima zikapotea hapo hapo.
Likaingia lile jua, mdai wetu,
ukuta wote ukalimeza kimya,
na duara peke yake likang'aa,
kijani kibichi, kama lililokamuliwa sasa hivi.

Nikamwambia, funga kopo.

Ijumaa shangazi amerudi na sambusa,
amekuja kumalizia lawama.
Amekaa kiti kile bila kukaribishwa,
amelaumu mpaka chai ya pili:
jeshi, kaburi, pango, tumbo la papa.
Kisha kichwa chake na mtandio wake mweupe
vikarudi nyuma, taratibu,
vikakuta mahali.

"Shangazi, hapo hapajakauka."

"Nyamaza," akasema, macho kayafumba.