Nusu ya Kidonge

Mimi ndiye niliyepanga viti.
Mia mbili na arobaini, vya chuma, vya kukunja,
chini ya vikapu vya mpira, juu ya mstari wa buluu
ambao kocha hataki ukwaruzwe.
Agosti ya Nebraska haina huruma:
mahindi yanatoa jasho, sembuse watu.

Mheshimiwa mbunge aliingia kwa mlango wa wachezaji,
mikono ya shati imekunjwa, tabasamu limepigwa pasi.
Mswada aliuweka mezani, kurasa elfu na ushei,
akaupigapiga mgongo
kama mtoto anayesubiriwa acheue.

Akasimama Verlin Haas, mkulima wa soya,
kofia kifuani.
"Serikali imeshindwa kuziba shimo la barabara yangu
mwaka wa tatu huu. Leo ije inipasue moyo?
Bima nailipa mwenyewe, kwa mwezi inazidi deni la trekta,
na bado nasema: msiniguse."
Upande wa kulia ukapiga makofi mpaka madirisha yakaitikia.

Akasimama Lorna Stubblefield.
Kiwanda cha matairi kilifungwa Ijumaa;
bima ya mumewe ilikufa Ijumaa hiyohiyo, saa sita usiku.
Mumewe mwenyewe alingoja hadi Februari.
Hakulia. Alisoma bili, mstari kwa mstari,
kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni:
Glavu, jozi moja. Kitanda. Kitanda. Kitanda.
Blanketi la joto.
Daktari aliyepita mlangoni, hakuingia.
Adhabu ya kaburi aijuaye maiti;
adhabu ya bili aijuaye mjane.

Upande wa kushoto ukainuka.
Mtu wa nyuma akapaza, "Nani atalipa?"
Mwingine, "Tunalipa tayari, kwa majeneza!"
Na kipaza sauti kikapiga mluzi
kama nacho kina hoja.

Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio.
Sikuulizwa, na nisingejibu.
Mfukoni nilikuwa na barua ya kampuni kwa mke wangu, Ardith:
*Tumelipitia ombi lako kwa makini.*
Huyo aliyepitia halijui goti lake,
hazijui ngazi zetu kumi na nne
wala namna Ardith anavyozishuka kinyumenyume,
kama mtu anayeingia kisimani.

Nani mwenye haki? Usiku ule niliwaamini wote wawili,
na hilo ndilo lililonichosha kuliko kufagia.
Verlin si mchoyo. Jirani yake alipopooza
alimvunia ekari zote, kwa dizeli yake,
akakataa hata kahawa.
Lorna naye amelipa kodi tangu ana miaka kumi na sita.
Ila kila mmoja alikuwa akijibu
jambo ambalo mwenzake hakulisema.

Saa tatu na nusu mheshimiwa akatazama mkono wake,
akasema mjadala utaendelea.
Wakatoka, wakaegemea magari, ukaendelea kweli,
kisha taa nyekundu moja moja zikapotelea kwenye mahindi.

Nikakunja viti.
Safu ya kumi na moja, kwenye ujia wa katikati,
nikakuta nusu ya kidonge.
Kimekatwa kwa kisu cha jikoni, ukingo umemeguka.
Naujua mkato ule.
Hivyo ndivyo dawa ya mwezi inavyofundishwa
kuishi miezi miwili.

Niliinama pale muda mrefu kuliko mgongo wangu unavyopenda.
Kushoto, viti. Kulia, viti.
Kilidondoka kwa waliopiga makofi
au kwa waliozomea, sijui.
Nilikifunga ndani ya barua ya Ardith,
nikaacha taa moja inawaka, mlango bila komeo,
endapo kuna mtu huko njiani
atapapasa mfuko,
akageuza gari.