Lile Jambo

Chuoni, mstari wa nyuma, tulikariri sifa tatu:
rangi, tamu, harufu.
Maji yakifika kulateni, na isibadilike hata moja,
ni twahara, nayo yatwaharisha: tia udhu, nenda zako.
Nilipotamka "harufu" darasa zima liligeuka,
likaziba pua.
Mimi ni binti Lali, mpakua vyoo.

Baba alitoka baada ya Isha na taa ya chemli,
ndoo mbili, kamba, pishi tatu za chumvi.
Vichochoro vya Mkomani, punda wawili hawapishani;
yeye aligeuka ubavu, na kanzu
zikajibana ukutani mpaka apite.
Walimwamkia, ndiyo.
Masalkheri ya kurushwa, kama mfupa kwa paka.

Na kila nyumba ilimwita kwa kinywa cha mtoto:
"Mama asema lile jambo limejaa."
Hakuna aliyelitaja kwa jina lake.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Baba aliyazoa, miaka thelathini na mmoja.
Aliyazika mchangani nyuma ya Wiyoni, akayatia chumvi,
akarudi akaoga kwa ndimu,
akala wali uliopoa, amelipa mlango mgongo.

Leo mimi navaa buti za mpira na kitambulisho shingoni.
Kazini kwetu wengine wapaita mtambo,
wengine wasema "kule", kwa kidevu tu.
Langoni walitukataa, Mkomani walitukataa;
kila mtaa ulitaka maji yaende,
hakuna uliotaka yafike.
Tukapewa kiwanja cha mwisho, penye chumvi na kaa.

Yanaingia meusi, na nywele, na shanga,
mara moja meno ya bandia, yakicheka kwenye chujio.
Yanatulia tangini siku mbili.
Yanapita kokoto, kisha matete,
polepole, kama mtu anayesoma barua ya deni.
Mizizi inakula. Sina neno zuri zaidi. Inakula.

Mwezi wa Rajabu akaja mtoto mlangoni:
"Babu asema uje uone kisima."
Babu yake ni Mwalimu Shekuwe, aliyetukaririsha.
Mjukuu wake mdogo alikuwa akihara siku ya nne,
macho yameingia ndani.
Mwalimu aliteka maji mwenyewe, akayainua juani.
"Rangi hamna," akasema. Akaonja. Akanusa.
"Sifa zote tatu, binti Lali."

Nilijaza chupa yangu, sikubishana.
Usiku na mchana ikalala kwenye kasha la joto.
Asubuhi madoa ya buluu yalikuwa yameota sahanini;
nilihesabu hadi arubaini na sita, nikaacha.
Kutoka kisima hadi shimo la choo nilipima hatua sita,
na hatua zangu ni fupi.

"Ni nini?" aliniuliza.
Nilikuwa na jina la kitabuni, refu, la kilatini.
"Ni lile jambo, Mwalimu," nikasema.
"Limo kisimani."
Alikaa barazani kimya, kidole juu ya tasbihi,
ushanga mmoja, hausogei.
Kisha akauliza bomba lenu lapita wapi,
na nani anatia sahihi.

Ijumaa ile Baba alitaka kuona matete.
Alichuchumaa penye mfereji wa mwisho,
akachovya vidole, akanusa, akanusa tena.
"Yanuka udongo," akasema, kama mtu anayeshitaki.
"Na chumvi mnatia wapi?"
"Hatutii, Baba."
Akayatazama matete muda mrefu
jinsi fundi anavyomtazama fundi mwingine
aliyechukua kazi yake na kuifanya kwa kusimama tu.
Aliomba ndimu. Sikuwa nayo.

Alirudi nyumbani kwa njia ya Mkomani,
jua la saa saba utosini,
mikono mitupu, hakugeuka ubavu,
katikati ya kichochoro.