Haja Haipigi Hodi

Miaka thelathini nilipeleka barua Aberystwyth,
mji nikiujua kwa mbwa wake.
Sasa naujua kwa vyoo:
cha stesheni, komeo bovu;
cha maktaba hufungwa saa kumi na moja;
cha kanisani, Nerys kaniachia ufunguo,
Mungu amsitiri kama alivyonisitiri.

Saratani ilikwisha, mwaka wa tisa huu.
Mionzi iliichoma, ikatoka
bila kuzima jiko.
Mimi niliyebisha kila mlango,
haja hainipigii hodi.
Suruali ya akiba i mkobani,
mkoba ule ule wa barua.

Jana, ufukweni na mjukuu:
desturi yetu hapa ni kufika mwisho,
kupiga teke chuma cha ukingo.
Niliishia nusu, nikageuka mbio.
Yeye akafika, akapiga mara mbili.
"La pili lako, Babu."