Mstari wa Maseno

Karatasi yangu ya kwanza ilirudi na nne juu ya thelathini,
wino mwekundu kama kwamba kuku kachinjiwa juu yake.
Daktari Adongo hakunigombeza. Aliandika pembeni tu:
Umejuaje?

Nilijua kwa kuwa nilikariri.
Kule Luanda, shuleni, nilikuwa wa kwanza kwa kukariri;
fomula nilizibandika ukutani juu ya kitanda
nikazinywa asubuhi pamoja na uji.
Nani aliwahi kuniuliza nimejuaje?

Sasa, Khavere, umekuja na daftari jipya
kuuliza siri ya kalkulasi ya wateule,
na jina hilo, wateule, limekutia baridi.
Siri sina. Nina viatu vilivyolika soli
kwa kupanda ngazi za ofisi yake kila Alhamisi
kusema, "Mwalimu, mstari wa tatu umenikwamisha,"
maana ukisema "sielewi chochote" atakurudisha
ukatafute hasa ni wapi mguu uliteleza.

Anza peke yako.
Swali moja, karatasi tupu, simu imezimwa chini ya mto.
Stima ikipotea, na itapotea
mvua ya saa tisa ikipiga mabati,
wewe kaa na swali.
Ligeuze. Na kama n ni moja? Na kama ni mbili?
Chora. Chora vibaya. Futa.
Swali la sita nililala nalo siku tatu
nikalipata nikifua soksi.

Kisha ndipo uwaendee wenzako.
Odera huongea haraka, ana kipaji na kiburi cha kipaji;
muulize "kwa nini" mara tatu,
ya nne atanyamaza, atajikuna kisogo,
na hapo ndipo nyote mtaanza kusoma.
Musimbi hasemi sana, ila kosa huliona
kama mama aonavyo changarawe kwenye wimbi.
Bishaneni mpaka mhindi wa kuchoma upoe mkononi.
Lakini ukirudi chumbani
funga daftari la kikundi, iandike ithibati upya
kwa mkono wako, kwa maneno yako.
Ukikwama, hukuwa umeelewa. Uliazima,
na nguo ya kuazima, wajua, haisitiri matako.

Mimi niliwahi kunakili. Nisikufiche.
Swali la nane, usiku wa kuamkia Jumatatu,
nikalichukua kwa Odera pamoja na kosa lake.
Daktari Adongo alizilaza karatasi mbili dirishani, ubavu kwa ubavu,
akatazama nje, kule kwenye majabali ya Bunyore,
muda mrefu.
Hilo lilinikaa kuliko ile nne.

Jumamosi moja tulitembea hadi barabarani,
pale kibao kinaposema dunia imekatika nusu.
Watoto wa shule walikuwa wakipiga picha,
mguu huku, mguu kule.
Musimbi akauliza: mstari wenyewe una upana gani?
Tukacheka. Kisha hatukucheka.
Rangi iliyopakwa pale si mstari.
Hatua yangu ni kubwa mno. Nusu yake, kubwa mno.
Nusu ya nusu, bado.
"Nipe umbali wowote," akasema, "hata wa unywele,
nami nitakuonyesha pa kusimama."
Hapo, Khavere, kwenye vumbi, lori la miwa likipita na honi yake,
epsiloni iliniingia.
Muhula mzima ilikuwa kwenye daftari;
mwilini haikuwepo.

Usiniulize mtihani wa mwisho nilipata ngapi.
Sikupata thelathini.
Leta hilo swali la kwanza, vuta kiti, taa bado ina mafuta.
Hapana, mimi usinipe kalamu.
Ishike wewe.