Kopo la Darasa la Pili

Jumatatu, Kitangari, msimu wa korosho.
Watoto walikuja wananuka mabibo,
sabini na mmoja kwenye madawati kumi na tisa.
Mimi nilikuwa na kipande cha chaki,
kopo tupu la maziwa ya unga,
na korosho tisa nilizobangua usiku kwa kibatari.

"Kitendawili!"
"Tegaaa!"
"Zilikuwa tisa, mmezihesabu wenyewe.
Nimefunika baadhi. Nje zimebaki nne.
Kopo lina ngapi?"

Kimya. Hata kuku wa mwalimu mkuu, pale mlangoni,
aliinamisha shingo.
"Saba!" "Kumi!" "Mwalimu, funua!"
Swaumu, binti wa karani wa mizani wa chama cha msingi,
akakuna kichwa, akafanya kama bibi yake:
"Tumeshindwa. Tunakupa mji."
"Mji gani?"
"Newala."
"Newala baridi. Sitaki."
"Masasi, basi."
"Kwa jua lile?"
"Tukupe Lindi, na samaki wake?"

Nusura nichukue.

Nikageuka ubaoni, nikaandika

4 + ☐ = 9

nikawaambia: hapa hatutoi mji,
hapa tunatoa nne.
Neno ni lilelile, toa.
La kwanza ni la aliyeshindwa,
la pili ni la aliyedondosha ufunguo njiani:
hakai chini kulia,
anarudi kwa nyayo zake, hatua kwa hatua,
mpaka auone unang'aa mchangani.
Tisa. Haya, rudini nne.

Wakarudi. Kwa vidole, kwa vijiti,
mmoja kwa vifungo vya shati, navyo havikutosha.
Nane, saba, sita...
"Tano! Kopo lina tano!"
Bati likatetemeka.

Nikafunua kwa madaha.

Zilikuwa tatu.

"Hesabu imedanganya," alisema Swaumu, polepole,
kama mtu aliyevunjiwa ahadi.
Nami, na miaka yangu kumi na minne ya vumbi la chaki,
nikahisi jasho mgongoni.
Ndipo nilipomwona Dadi Chinyama, dawati la mbele,
shavu la kushoto limevimba,
anatazama kwa makini dari tusilokuwa nalo.

"Haijadanganya," nikasema.
"Imemwona mtu ambaye mimi sikumwona."
Nikafuta, nikaandika upya

3 + ☐ = 5

"Kopo hili la pili liko wapi?"
Shingo sabini zikageuka.
"Mbili, mwalimu! Na kopo lina meno!"

Walicheka mpaka kuku akakimbia.
Dadi akameza, akajifuta mdomo kwa kola.
"Kwetu haziliwi," akasema. "Zote zinakwenda ghalani."
Hakuisema kwa huzuni. Aliisema
kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Nilikuwa na saba mezani na watoto sabini na mmoja.
Kugawanya kuko Darasa la Tatu.
Nikazirudisha korosho koponi, nikapiga kengele mapema.

Swaumu hakutoka.
Alisimama kando ya meza, daftari kifuani.
"Mwalimu, kopo linaweza kuwa la kilo?"
"Linaweza kuwa la chochote usichokijua bado."
"Gunia la kina Dadi. Mama yake alipima nyumbani, themanini.
Karatasi ya baba iliandika sabini na sita."
Aliitaja namba vizuri, bila kukwama,
mwanafunzi wangu bora,
na macho yake hayakuwa na shaka hata chembe
kwamba kila kisanduku kinafunguka
na ndani hukuti ila namba.
"Nichore?"

Nje walikuwa wanaruka kamba kwenye mchanga mwekundu.
Nilisikia wakihesabu.
Nikafikiri neno la kumwambia, nikakosa,
nikatafuta hata mji wa kumpa.

"Chora," nikasema.
"Kidogo. Pembeni ya ukurasa.
Kwa penseli."