Fungua kwa

Mvua ilianza Jumatano, na hapa Valdivia
mvua ikishafika haiagi upesi.
Doña Eduvina alinigongea dirisha kwa kijiko:
"Ireneo, wewe si unatengeneza mizani za mabucha?
Njoo. Mto wangu umegeuka muziki."

Nilicheka. Nikaacha kucheka nilipoona.

Miaka thelathini na mmoja alishuka gatini alfajiri
kusoma ubao wenye alama za sentimita,
akaandika: mto umefika hapa, mto umerudi hapa,
kwanza daftarini, baadaye kwenye majedwali,
faili moja kwa kila mwaka.
Sasa kila mwaka umevaa alama ya noti,
na ukiubofya, kicheza nyimbo kinaamka,
kinajikohoza, kinasema:
Samahani, wimbo huu hauchezeki.

Na picha? Zinafunguka kama maandishi.
Harusi ya dada yake Lastenia imekuwa
y yenye vitone viwili kichwani,
O iliyokatwa kwa fimbo, y tena,
kisha kurasa mia mbili za changarawe.
"Huyu ndiye Lastenia?" aliuliza, kidole kiooni.
Nikasema ndiye. Hajafa, hajaungua.
Amekabidhiwa tu kwa msomaji asiyemjua,
na asiyekujua, wajua mwenyewe.

Aliyeyafanya haya ni Nahuel, mjukuu, miaka tisa,
aliyekuja likizo ya Julai.
Mashine ilimuuliza: nifungue kwa nini?
Naye akaona kisanduku kando ya neno Daima,
akakitia tiki, kama anavyotia tiki kila kitu
ili mchezo uanze.

"Daima," alisema Eduvina.
"Nimeambiwa daima na wanaume wawili na benki moja.
Aliyelishika neno ni hili sanduku peke yake."

Nikavuta kiti. Nikamweleza:
kila jina la faili lina mkia,
nukta na herufi tatu au nne.
Mashine haitazami uso. Inashika mkia
na kuuliza orodha yake: huyu ni wa nani?
Mara ya kwanza nilikosea, nikaubadili mkia wenyewe.
Ukimpachika paka mkia wa punda
hatabeba gunia.
Nikaurudisha, nikiona haya.

Bofya kulia. Fungua kwa. Chagua programu nyingine.
Ile ya majedwali ilikuwa chini kabisa,
nyuma ya kalenda na mchezo wa karata.
"Hapa tunaiandika daima upya," nikasema.
"Inaruhusiwa?"
"Inaruhusiwa."
Akatia tiki mwenyewe, polepole, ulimi nje,
na noti zikaondoka zote kwa pamoja,
miaka thelathini na mmoja ikawa miraba ya kijani.

Picha zilikuwa kaidi.
Ilibidi nishuke kwenye sajili,
ghala la chini ambako mashine huweka ahadi zake,
mahali ambapo fundi mwenye akili hanakili kitu baadaye:
hunakili kwanza.
Nikanakili. Nikafuta mstari mmoja. Nikazima, nikawasha.
Tukala keki ya tufaha tukisubiri,
kuni zikilalamika jikoni.

Lastenia akatokea, shela begani, anatafuna.

Eduvina hakusema kitu. Alifungua mwaka wa tisini na nane,
akashuka kwa kidole hadi tarehe kumi na nne Juni:
mita mbili nukta thelathini na moja,
na pale kwenye safu ya maelezo:
mvua. Soksi zimelowa. Bata wanne.
Akasoma "bata wanne" mara mbili.

Faili moja lilibaki, halina mkia kabisa,
jina lake Agosti na basi.
"Tulijaribu na hili?"
"Agosti ipi?" akauliza, akinifungia keki kwenye gazeti.
Sikujua.
"Basi na likae."